Mafunzo Matano Niliyopata Safarini na Wasichana Ishirini na Wanne

Nafundisha Historia katika shule moja ya wasichana Kilifi. Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi 24 kuzuru mahali wanawake wa Kenya walipofanyia siasa. Nilidhani kilele cha safari kingekuwa Bunge. Kumbe!

1. Mwenyeji ndiye mwalimu

Tulianzia Malindi, penye sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Nilikuwa nimejiandaa kuhutubu, lakini binti mmoja Mgiriama akaniwahi: "Mwalimu, kisa cha kuku nakijua kwa nyanya." Husimuliwa kwamba Mekatilili alimwambia ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion, athubutu kumchukua kifaranga mbele ya mamaye. Kuku akamdonoa. "Nasi tutafanya vivyo hivyo mkitutwalia vijana wetu," akasema Mekatilili. Binti yule alikunja vidole vikawa mdomo wa kuku, akamrukia mwenzake. Kundi zima likarudi nyuma. Nikakunja karatasi zangu nikazitia mkobani.

2. Watu hufuatwa waliko

Mwaka wa 1913 Mekatilili hakungoja watu waje kwake. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Waingereza walipomhamishia Kisii, alitoroka Januari 1914 akarudi Giriama kwa miguu. Usiku ule, ndani ya treni ya kwenda Nairobi, wasichana walishangazwa na ule mwendo. Mimi nilikuwa bado naiwaza ngoma.

3. Bango husema nusu ya habari

Nairobi tuliipita Barabara ya Harry Thuku. Thuku, mwanasiasa aliyewapinga wakoloni, alipokamatwa mwaka wa 1922, umati ulikusanyika kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakebehi: chukueni gauni langu, nipeni suruali zenu. Umati ukasonga, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Tangu siku hiyo wasichana wangu wakiona bango la barabara huuliza, "Na nani hakuandikwa?"

4. Kona ndogo inaweza kuwa jukwaa

Kwenye kona ya Uhuru Park iitwayo Freedom Corner niliwaambia waketi kwenye nyasi. Hapo ndipo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoanza mgomo wa kula, Februari 1992, mwanaharakati Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu. Baadhi ya akina mama wale walivua nguo mbele ya polisi, na kwa mila nyingi zetu hakuna laana kubwa kuliko hiyo. Wakahamia kanisa la All Saints, ng'ambo ya barabara, wakakaa karibu mwaka mzima hadi wana wao wengi walipoachiliwa.

Bunge tulilizuru mchana. Niliwasimulia kuhusu Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu kuanzia 1965, aliyeingia hapo mwaka wa 1969 akiwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge. Kisha tukapiga hesabu. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo cha kuchaguliwa. Bunge la Taifa lina viti 349, kwa hiyo wanawake hawapaswi kupungua 117. Hata viti 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti havijaifikisha idadi hiyo. Mwaka wa 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo, lakini halikuvunjwa. Wasichana walitoka kimya. Kwenye nyasi walikuwa wameuliza maswali saa nzima.

5. Siasa ilianza kwenye fomu ya idhini

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na majina 30. Sita hawakuja: wengine kwa nauli, na baba mmoja aliirudisha fomu bila sahihi, ameandika chini yake, "Siasa ya nini kwa mtoto wa kike?" Nilikasirika, nikasonga mbele na waliobaki. Njiani kurudi nilijiuliza mimi nilifanya nini zaidi ya kutuma karatasi na kungoja majibu.

Safari ijayo sitatuma fomu. Nitakwenda mwenyewe Jumamosi, kwenye vyama vya akina mama, wakati wa kuchanga. Wakinikaribisha, nitamchukua na yule binti, awasimulie kisa cha kuku.