KUIPA NDEGE YA MFANO ALAMA ZA KAZI

Mtu aliyekwisha kuunga ndege ndogo ya mfano na kuipaka rangi hudhani kazi imekwisha. Lakini ndege ya kweli hukaa juani, hunyeshewa mvua, hukanyagwa na mafundi na kuchafuliwa na moshi wake yenyewe. Mfano usio na alama hizo hauna uhai. Na alama zikizidi, kazi ya majuma mengi huharibika kwa jioni moja. Basi kanuni ni hii: usitie alama yo yote usiyojua sababu yake.

Tutwae Hawker Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1935. Sehemu yake ya mbele ilifunikwa kwa mabati ya alumini, bali kiwiliwili nyuma ya rubani kilivikwa kitambaa cha kitani. Mbele, rangi ikibanduka, bati huonekana. Nyuma haliwezi kuonekana, kwa kuwa halipo. Vivyo hivyo de Havilland Mosquito ilijengwa kwa mbao. Atakayeitia madoa ya rangi ya fedha mabawani ameonyesha bati pasipo na bati.

Tena angalia kipimo. Ndege nyingi za mfano hufanywa kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mkwaruzo wa milimita 1 juu yake ni sawa na milimita 72 juu ya ndege yenyewe, yaani karibu upana wa kiganja. Kwa hiyo madoa yawe madogo kama ncha ya sindano.

Sasa fuata taratibu hii:

1. Rangi ikisha kukauka, paka vanishi ya akriliki inayong'aa. Hiyo ndiyo ngao ya rangi iliyo chini. Ngoja siku nzima.

2. Zimua rangi ya mafuta ya kahawia kwa spiriti ya kusafishia brashi. Gusa mifereji ya maungio ya mabati, nayo itajitiririkia. Baada ya nusu saa pangusa ziada, toka mbele kwenda nyuma, kama upepo upitavyo.

3. Chovya kipande cha sifongo katika rangi ya fedha, ukikaushe juu ya karatasi, kisha gusa kidogo kingo za vifuniko vya injini na shina la bawa la kushoto, ambako rubani alipandia.

4. Paka vanishi isiyong'aa, kwa maana unga haushiki penye uso laini.

5. Saga chaki nyeusi na ya kahawia, uipake kwa brashi nyororo toka mabomba ya moshi kwenda nyuma. Masizi yawe mazito karibu na bomba, yakififia kadiri yaendavyo.

Kila hatua, linganisha kazi yako na picha ya ndege yenyewe. Doa lililopungua laweza kuongezwa kesho; lililozidi ni taabu kuliondoa. Haba na haba hujaza kibaba.