Mahangaiko ya Moyo Huudhuru Mwili

Mtu anayedaiwa karo ya watoto na kodi ya nyumba husema, "Ni mawazo tu." Sivyo. Hofu ikimwingia, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo hupiga mbio na presha hupanda. Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye wa Montreal alionyesha kwa panya kwamba taabu isiyokoma huudhoofisha mwili hata ukashindwa.

Basi fanyeni hivi: tembeeni dakika 30 kila siku, laleni kwa muda wa saa 7 au zaidi, mwelezeni mzee au rafiki yanayowasumbua. Pombe huahirisha deni, hailipi. Tena mkapimwe presha. Ikizidi kufika 140 kwa 90, mwoneni daktari, hata kama hamsikii maumivu.