Talaka imetoka, hati bado ina jina lake

Swali: Mahakama ilivunja ndoa yetu na kunipa nyumba ya Mbagala, Temeke. Hati ina majina yetu wawili, na mtalaka wangu hataki kusaini uhamisho. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, talaka peke yake haifuti jina kwenye hati. Silaha yako ni amri ya mgawanyo wa mali, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Chukua nakala za hukumu na tuzo zenye muhuri wa mahakama. Akiendelea kugoma, rudi mahakamani uombe kukazia hukumu. Kisha wasilisha amri kwa Msajili wa Hati. Kama nyumba ina rehani, zungumza na benki kwanza. Usimkabidhi dalali hati halisi.