Ujue Chuma Kabla ya Kukinunua

Kazi ya chuma si ngeni Manda. Katika magofu ya mji wa Manda, ulioanza karne ya 9, wachimbaji walikuta mavi ya chuma, dalili ya kazi ya wahunzi wa kale. Lakini hewa ya kisiwani ina chumvi, nayo hula chuma upesi. Basi, mkulima, jifunze namna za chuma usije ukapoteza fedha zako.

Kinachotofautisha chuma na chuma hasa ni kaboni iliyomo ndani yake. Kaboni ikiongezeka, chuma huwa kigumu zaidi, lakini pia huvunjika kwa urahisi zaidi.

1. Chuma laini. Kaboni yake haizidi sehemu 3 katika 1,000. Hupindika bila kuvunjika. Hufanyiwa nondo, misumari na waya. Mabati pia ni chuma laini kilichopakwa zinki. Zinki ikiisha, kutu huingia.

2. Chuma kigumu. Kaboni yake ni sehemu 5 hadi 10 katika 1,000, au zaidi. Hufaa kwa panga, shoka, tupa na springi za lori. Ndiyo sababu wahunzi hupenda kufua panga kwa springi kuukuu.

3. Chuma kisichoshika kutu. Kina kromiamu sehemu 10 na nusu au zaidi katika 100. Hufaa kwa visu na vyombo vya jikoni, ingawa chumvi ya pwani huweza kukitia madoa.

Wataka kujua panga ni la chuma gani? Jaribu kwa tupa. Ikila kwa urahisi kama kwenye msumari, chuma ni laini, na makali hayatadumu.

Ugumu wa panga hutiwa kwa moto, na moto huweza kuuondoa. Ukinoa kwa mashine, chovya panga majini mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu umetoka. Wala usitupe shoka motoni ili kuunguza kipande cha mpini kilichokwama. Kitoe kwa patasi.

Jambo kubwa ni tangi la maji ya mvua, kwa kuwa maji matamu ni haba Manda. Usichanganye saruji kwa mchanga wa pwani wala maji ya bahari. Chumvi italiza nondo kutu, kutu itavimba na kupasua ukuta, na maji yako yatavuja.

Kila jioni futa udongo, kausha jembe na panga, kisha upake mafuta kidogo.