SOMO: Wiki na Blogu Darasani, ili Kazi ya Kundi Iwe ya Kila Mwanafunzi

Kazi ya kundi ni jambo la kawaida katika mtaala wa umilisi. Wazazi wengi wanaijua pia sura yake ya pili: mtoto mmoja anaandika, wanne wanaweka majina tu, na pengine kazi yenyewe imechapishwa saiba bila kusomwa na yeyote kati yao. Mwalimu anayepokea karatasi hiyo hawezi kujua nani alifanya nini. Somo hili linaeleza zana mbili zinazoweza kumsaidia, na jinsi ya kuzitumia bila kuwahatarisha watoto.

Wiki ni nini?

Wiki hapa si siku saba. Ni tovuti ambayo kurasa zake huandikwa na kurekebishwa na watu wengi. Neno lenyewe limetoka katika lugha ya Kihawaii, na maana yake ni "haraka". Wiki ya kwanza ilianzishwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka wa 1995. Inayojulikana zaidi ni Wikipedia, iliyoanza mwaka wa 2001. Toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka wa 2003.

Kwa mwalimu, sehemu yenye manufaa zaidi ni historia ya ukurasa. Kila badiliko linapohifadhiwa, wiki hutunza nakala ya awali pamoja na jina la mtumiaji, tarehe na saa.

Tuseme Gredi ya 8 inaandika ukurasa kuhusu Malindi. Mwanafunzi wa kwanza anaandika kwamba Vasco da Gama alifika mwaka wa 1948. Wa pili anakagua kitabu, anasahihisha kuwa 1498, na kutaja kitabu alichotumia. Wa tatu anaongeza aya kuhusu mji wa kale wa Gede, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2024. Wa nne hagusi chochote. Mwalimu akifungua historia, anaona kosa, aliyelisahihisha na ushahidi wake. Anaona pia nani hakufanya kazi, na anatoa alama kwa haki.

Blogu ni nini?

Blogu ni kama shajara ya mtandaoni. Maandishi hupangwa kwa tarehe, mapya yakitangulia, na wasomaji wanaweza kutoa maoni. Inafaa kazi inayokua polepole. Katika somo la Kilimo, mwanafunzi anaweza kufuatilia kitalu cha sukuma wiki: siku aliyopanda, urefu wa miche kila Ijumaa, wadudu aliowaona na hatua aliyochukua. Wanagenzi wa vyuo vya ufundi nao wanaweza kuonyesha hatua za kushona nguo au kuunda meza, na mteja wa kesho akaona kazi yao.

Mambo ya kuzingatia

1. Kila mwanafunzi awe na jina lake la mtumiaji. Wote wakitumia akaunti moja, historia haitasaidia.
2. Tumia ukurasa wa faragha unaofunguliwa na darasa pekee.
3. Usiweke mtandaoni picha, majina kamili, nambari za simu au makazi ya watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data za mtoto.
4. Mwalimu asome maoni kabla hayajaonekana kwa wengine.
5. Kila mwanafunzi ataje alikopata habari zake. Kunakili maneno ya mwenzako bila kumtaja ni wizi.

Shule isiyo na intaneti

Mbinu hii haitegemei kompyuta. Chukueni daftari kubwa moja la kundi. Kila mwanafunzi aandike, kisha atie jina lake na tarehe. Anayesahihisha apige mstari mmoja tu juu ya kosa, ili lisomeke, na aandike sababu kando. Hiyo ni wiki ya karatasi, nayo humfunza mtoto kwamba kosa lililosahihishwa kwa ushahidi si aibu. Kwa shajara ya kitalu, daftari la kawaida linatosha.

Kwa wazazi

Mtoto akiomba pesa za saiba kwa ajili ya kazi ya kundi, muulize: Wewe umepewa sehemu gani? Habari hizi umezitoa wapi? Nani ameisoma kazi yako na kukusahihisha? Akijibu yote matatu, pesa zako zinanunua elimu. Akishindwa, zungumza na mwalimu wake mapema, kabla ya kazi kukusanywa.

Jipime

1. Taja tofauti mbili kati ya wiki na blogu.
2. Kwa nini akaunti moja isitumiwe na darasa zima?
3. Chagua mahali pa kihistoria katika wadi yako. Andika sentensi tano kuhusu mahali hapo, kisha mpe jirani azisahihishe na kueleza ushahidi wake.