Macho Yako Ndiyo Mpaka wa Bastola Yako

Una leseni, una bastola kiunoni, na arobaini umeshaivuka. Siku hizi simu unaisogeza mbali kidogo ndipo usome ujumbe. Basi jua kwamba saiti ya mbele ya bastola yako nayo imeanza kukutoroka. Hakuna haja ya kupaniki. Kuna mambo ya kufanya, na mengi unaweza kuyamaliza wiki hii.

Kanuni ni moja: usibebe bastola kupita uwezo wa macho yako. Bastola inaweza kurusha risasi zaidi ya kilomita moja. Wewe huenda unalenga vizuri mita saba tu. Saba hiyo ndiyo yako, na ndani yake ndimo unamopaswa kukaa.

Anza na macho

Pima umbali kutoka jichoni hadi kwenye saiti. Hakikisha bastola haina kitu, nyoosha mikono kama unayelenga, kisha mwenzako apime kwa uzi. Watu wengi hupata kati ya sentimita 60 na 70. Andika namba hiyo.

Mpelekee mtaalamu wa miwani uzi huo, bastola iache nyumbani. Mwambie, "Nataka kuona vizuri kitu kilicho umbali huu." Miwani ya kusomea ya +2.50 hukupa picha safi kwenye sentimita 40 hivi. Hiyo ni ya gazeti. Kama macho yako ya mbali ni mazima, +1.50 hukufikisha kwenye sentimita 67, pale pale ilipo saiti. Mwachie mtaalamu aamue kipimo chako, ila mpe namba ya kufanyia kazi.

Jua jicho lako kuu. Nyoosha mikono, kutanisha viganja ubakishe tundu dogo katikati, utazame swichi ya ukutani kupitia tundu hilo ukiwa umefungua macho yote mawili. Funga jicho la kushoto. Swichi ikibaki tunduni, jicho lako kuu ni la kulia. Ikipotea, ni la kushoto. Kama unashika bastola kwa mkono wa kulia na jicho kuu ni la kushoto, usipindishe shingo. Sogeza bastola kidogo hadi mbele ya jicho hilo.

Kuwa mwangalifu na miwani ya lenzi mseto, ile ya juu mbali na chini karibu. Ili uone saiti utalazimika kuinua kidevu, na ukiinua kidevu shabaha inafifia. Ifanyie mazoezi au ubadilishe lenzi. Usingoje kugundua tatizo hilo siku ya hatari.

Fanya mazoezi na miwani unayoshinda nayo. Miwani maalumu ya uwanjani ni nzuri kwa kujifunza, lakini mtu akikuvamia langoni hatakusubiri uibadilishe. Jaribu pia bila miwani kabisa, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kudondoka katika purukushani.

Kuna siku za kuiacha bastola ndani ya sefu. Daktari wa macho akikutia dawa ya kupanua mboni, utaona ukungu kwa saa kadhaa. Dawa nyingi za mafua na mzio huleta usingizi. Kama una kisukari na sukari imepanda, uoni huyumba, na hata kipimo cha miwani utakachochukua siku hiyo kinaweza kukudanganya. Ukitoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, subiri daktari akuruhusu.

Sasa shabaha

Angalia saiti ya mbele, acha shabaha iwe na ukungu kidogo. Jicho haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vya umbali tofauti, yaani saiti ya nyuma, saiti ya mbele na shabaha, kwa wakati mmoja. Chagua saiti ya mbele. Kwenye bastola nyingi za kubeba, saiti ya nyuma na ya mbele zimeachana kama sentimita 16. Ukiiyumbisha ya mbele kwa milimita moja tu, risasi itaenda kando kwa sentimita 6 hivi ukiwa mita 10. Ukiwa mita 25, ni karibu sentimita 16. Milimita moja hiyo ndiyo tofauti ya kumpata mvamizi na kumpata mpita njia.

Ifanye saiti ionekane. Saiti ya mbele yenye rangi kali, ya chungwa au kijani, humsaidia sana mtu wa miaka hamsini. Iache ya nyuma iwe nyeusi ili jicho lisigawanyike.

Fikiria saiti ya nukta nyekundu. Hapa unatazama shabaha yenyewe, nayo nukta inaelea juu yake, kwa hiyo tatizo la kuona karibu linapungua. Nukta ikionekana kama nyota au koma, ondoa risasi zote kisha ipige picha kwa simu. Ikiwa duara kwenye picha, tatizo liko jichoni: huenda una astigmatizimu, na miwani sahihi husaidia. Kabla ya kununua kifaa chochote cha kufunga kwenye bastola, uliza kwanza Bodi ya Leseni za Silaha ya Kenya kama kinaruhusiwa.

Bonyeza triga taratibu, moja kwa moja kuelekea nyuma. Kama unatumia mkono wa kulia na risasi zako zinaangukia chini kushoto, mara nyingi macho hayana kosa. Unaivuta triga kwa pupa ukisubiri kishindo.

Fanya mazoezi makavu, yaani bila risasi, nyumbani. Toa magazini, fungua chemba, tazama kwa macho na uguse kwa kidole. Risasi zote zikae chumba kingine. Elekeza mdomo wa bastola kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake. Weka sarafu ya shilingi kumi juu ya bastola, karibu na saiti ya mbele, kisha bonyeza triga. Sarafu ikidondoka, uliivuta triga kwa pupa. Rudia hadi itulie. Dakika kumi zinatosha. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, uifungie bastola.

Vaa kinga za macho na masikio uwanjani. Mlio wa bastola unapita desibeli 140, na sikio likiumia kwa kishindo halirudi. Ganda la moto likiruka jichoni, habari ya saiti imekwisha.

Jipime kwa sahani

Nunua sahani za karatasi za upana wa sentimita 20 hivi. Uwanjani, chini ya msimamizi, piga risasi tano ukiwa mita 3. Zote zikiingia, rudi mita 5, kisha 7, kisha 10. Pale risasi moja inapotoka nje ya sahani, umevuka mpaka wako. Rudi kwenye alama iliyotangulia: umbali huo ndio wako.

Rudia ukiwa bila miwani. Rudia tena ukitoka kukimbia mzunguko mmoja, mapigo ya moyo yakiwa juu. Kama uwanja unaruhusu, rudia jua likianza kuzama. Utapata namba kadhaa. Beba ile ndogo zaidi kichwani, achana na ile ya kujisifia.

Wajibu wa kila siku

Tambua kabla ya kulenga. Usiku, kivuli langoni kinaweza kuwa mwizi, bawabu, au kijana wako aliyechelewa kurudi. Weka tochi ya mkononi kando ya kitanda, mbali na bastola. Usiitumie tochi iliyofungwa kwenye bastola kumulika usichokijua, kwa sababu unachomulika ndicho unachokielekezea mdomo. Ita kwa jina. Hesabu watu wako wa nyumbani kabla ya jambo lingine lolote.

Tazama kilicho nyuma. Risasi ikimkosa uliyemlenga haiishii hewani. Ukuta wa mabati au wa mbao hauizuii. Mtaani kwetu nyuma ya kila mtu kuna duka, dirisha au kituo cha matatu. Kama huoni risasi itakapoishia, usifyatue.

Ifiche ifichike. Nunua ala ngumu inayofunika triga yote, na mkanda usiolegea. Vaa shati refu, kisha jitazame kwenye kioo ukiinama na ukiinua mkono. Mtu anayeinua shati baa ili kitako cha bastola kionekane anatafuta leseni yake ifutwe. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtia hatiani mtu anayelewa akiwa na silaha. Chupa ya kwanza ikifunguliwa, bastola iwe tayari imo ndani ya sefu.

Ongea na mlinzi mapema. Ukifika kwenye jengo lenye ukaguzi, mwambie kwa sauti ya chini kwamba una silaha na una leseni. Onyesha kadi, mikono ionekane, usiitoe bastola hadi uelekezwe. Kama hairuhusiwi ndani, usiifiche chini ya kiti cha gari. Rudi nyumbani au usiingie.

Jua haki yako inaishia wapi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinapima kujitetea kwa misingi ya Common Law ya Uingereza: nguvu uliyotumia iwe ilihitajika na ilingane na hatari iliyokukabili. Mtu anayekukimbia na simu yako hakutishii uhai. Hatari ikipita, na ruhusa yako imepita. Simu utanunua nyingine.

Polisi wakifika, usiwe mtu mwenye bastola mkononi. Katika shambulio la duka kubwa la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye leseni na askari wasiovaa sare waliingia na bastola kuokoa watu. Askari anayefika mahali kama pale haoni leseni iliyo mfukoni mwako, anaona silaha. Hatari ikiisha, irudishe kwenye ala, inua viganja vitupu, ufuate amri. Simulizi baadaye, ukiwa na wakili.

Ikiibwa au ikipotea, nenda kituo cha polisi mara moja. Usizunguke kwanza kuitafuta kimyakimya. Kila saa unayochelewa, jina lako ndilo linalofuatana na bastola hiyo.

Kila unapohuisha leseni

Funga mambo matatu pamoja: leseni, daktari wa macho na sahani ya karatasi. Mwezi wa kuhuisha leseni uwe mwezi wa kupimwa macho, ikiwemo presha ya jicho na mtoto wa jicho. Kisha nenda uwanjani ukapige sahani upya. Andika tarehe na umbali wako.

Namba ikishuka, badilisha lenzi, badilisha saiti, ongeza mazoezi, au muombe mwalimu akutazame. Ikiwa hayo yote umefanya na bado huwezi kuweka risasi tano ndani ya sahani kwa mita 3, acha kuibeba. Nenda polisi uulize utaratibu wa kuisalimisha, na uhakikishe umepewa stakabadhi. Kwa pesa za risasi, weka taa nzuri langoni na kengele ya hatari.