Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?

Wazee wetu walisema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo hutumiwa vibaya pale baba anapofungwa kwa wizi, nao majirani wakaanza kuwatazama watoto wake kama wezi. Hapa Songea, kama kwingineko nchini, ukoo huchunguzwa kabla ya uchumba, na posa huweza kukataliwa kwa kosa la babu. Yafaa basi tujiulize: je, uhalifu hurithiwa katika damu?

Mwaka 1984 wataalamu walitoa taarifa juu ya watoto zaidi ya 14,000 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Kwa wavulana ambao si wazazi wa damu wala walezi wao waliopata kuhukumiwa, 13 na nusu katika kila 100 walihukumiwa baadaye. Wazazi wa damu walipokuwa wamehukumiwa, lakini walezi hawana hatia, idadi ilifika 20. Pande zote mbili zilipokuwa na hatia, ilifika 24 na nusu. Tena urithi huo ulionekana katika makosa ya mali, si ya ukatili.

Twajifunza nini? Damu ina sehemu yake, na malezi yana sehemu yake. Lakini tazameni: katika wale 100 waliozaliwa na wenye hatia wakalelewa na wasio na hatia, 80 hawakuhukumiwa. Urithi huelekeza, haulazimishi. Juu ya damu na malezi iko hiari ambayo Mungu amempa kila mtu, na neema inayoitia nguvu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, afundisha kwamba kila mtu hujibu kwa matendo yake mwenyewe, si kwa ya babaye.

Sheria yetu nayo haimhesabii hatia ya jinai mtoto aliye chini ya miaka 10. Na Shule ya Maadilisho Irambo, mkoani Mbeya, yapokea watoto waliokosa ili wafunzwe upya.

Basi, wazazi Wakristu, mtoto wa mfungwa aliye jirani yenu msimwite kwa kosa la babaye. Mwacheni acheze na wenu, mnunulieni daftari, mpelekeni mafundisho ya dini. Anayeitwa nyoka kila siku, mwishowe hujifunza kuuma. Na siku hiyo tusiilaumu damu yake.